Nafasi ya Mengineyo

Jumatatu, 4 Mei

Shule imefunguliwa na mvua nayo imeanza, siku moja, utadhani ziliagana. Mwalimu wa Hesabu aliingia darasani suruali imeloa hadi magotini, akafuta ubao usio na kitu, akasema, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Kisha akasoma majina ya wale ambao wakifeli tena Hesabu mwisho wa muhula huu watatolewa mkondo wa sayansi. Langu lilikuwa la pili. "Tatizo lenu si akili," alisema, "tatizo ni muda. Mnautapanya kama maji ya mferejini." Akataka kila mtu achore ratiba.

Yangu nimeichora leo jioni kwa rula na kalamu za rangi. Bluu ni shule. Kijani ni kazi za nyumbani: kuteka maji, kupika, kuipiga pasi sare ya Mama. Nyekundu ni kusoma. Nimeibandika mlangoni mwa kabati. Imependeza hadi naona huruma kuifuata.

Jumanne, 5 Mei

Chiriku ameiona nakala ya ratiba kwenye daftari langu. Chiriku ni jirani yangu wa dawati tangu kidato cha kwanza, na jina hilo kalipata kihalali: anaongea kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na ukimwambia anyamaze anakuuliza kwa nini, kwa kirefu. Sina rafiki mwingine. Sijawahi kuhitaji mwingine, yeye peke yake ni umati.

Aliipitishia kidole ratiba yote, akauliza, "Mimi rangi yangu ipi?"

Nikamwonyesha Jumamosi alasiri, kile kipande cha zambarau. Juu yake nimeandika "Mengineyo".

"Ndiyo mimi huyo?"

"Wewe na kufua soksi."

Alicheka mpaka mwalimu akatutazama. Tangu hapo anajiita Mengineyo. "Mengineyo anaomba kalamu." "Mengineyo ana njaa." Darasa zima nalo limeshanipa langu: naitwa Ratiba.

Alhamisi, 7 Mei

Mama ni mhudumu wa wodi hospitalini. Wiki ya zamu ya usiku tunapishana mlangoni, yeye anarudi mimi natoka. Wiki ya zamu ya mchana anarudi jioni, anavua viatu, analala. Baba ana nyumba nyingine katika mji mwingine. Kwetu alichoacha cha maana ni saa ya ukutani. Mama aliisogeza mbele robo saa miaka hiyo, ili asichelewe kazini. Leo nami nimeisogeza robo nyingine nikamwambia. Sasa iko mbele nusu saa kamili, sote wawili tunajua, na kila tukiitazama tunatoa nusu. Chiriku akija kwetu hukaa chini ya hiyo saa na kuuliza, "Nyie kwenu kesho imeshafika?"

Ukweli, mtu hawezi kujidanganya huku anajijua. Lakini ukiiona ghafla unashtuka, na bila kushtuka mimi kitandani sitoki.

Jumamosi, 9 Mei

Alasiri ya Mengineyo. Nilikwenda kwao Chiriku kumsuka. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata yeye ilibidi apaze sauti. Alikaa mkekani, mimi kwenye kigoda, nikamsuka mistari ya kurudi nyuma, myembamba, kama anavyopenda. Kichwa chake kina nywele za watu watatu. Nilikuwa nimefika nusu, upande wa kushoto umekwisha, wa kulia umesimama kama brashi, nikauliza saa. Muda wangu ulikuwa umekwisha.

"Nina Fizikia," nikasema.

"Na mimi nina nusu kichwa."

"Nitakumalizia Jumamosi ijayo."

Alidhani namtania. Nilipovaa viatu ndipo akajua. Hakusema neno, na Chiriku kutosema neno si jambo dogo. Nimefika nyumbani kwa wakati. Ratiba imefuatwa.

Jumatatu, 11 Mei

Chiriku amekuja shule na kitambaa kichwani. Mwalimu wa zamu kamwamuru akivue. Darasa limecheka hadi basi. Yeye kacheka kuliko wote, akasema, "Fundi wangu ana ratiba."

Nami nimecheka. Sasa hivi ndipo ninapoona kwamba yeye alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Jumanne, 12 Mei

Ratiba imefuatwa.

Jumatano, 13 Mei

Ratiba imefuatwa. Mvua.

Ijumaa, 15 Mei

Chiriku amefika na kichwa kizima. Upande wa kulia mistari ni minene na imekaza hadi nyusi zimepanda. Amemalizia Bi Harusi, yule wa mkondo wa pili anayetembea taratibu kana kwamba ameshikiwa shela nyuma. Nikamwambia, "Mbona huoni kuwa haifanani?" Akasema, "Naona. Lakini yeye alikaa mpaka mwisho."

Loh! Nilikasirika, nimekasirika hadi sasa. Nani alimwambia Bi Harusi aguse kazi ya mtu?

Jumamosi, 23 Mei

Mengineyo imeahirishwa. Mwalimu wa Hesabu ameanzisha masomo ya ziada Jumamosi, na mtu mwenye jina la pili kwenye orodha yake hana ubavu wa kukataa. Nilimpitia Chiriku kumwambia. Alikuwa ukumbini na Bi Harusi wanakula mahindi.

"Nina neno nataka kukuambia," akasema.

"Refu au fupi?"

"Sijui. Sijawahi kulisema."

"Basi niambie Jumamosi ijayo, tutakuwa na nafasi."

Alitupa gunzi uani. "Haya, Ratiba. Jumamosi."

Jumamosi, 30 Mei

Masomo ya ziada tena.

Jumanne, 2 Juni

Nimepata nusu ya jaribio la Hesabu. Mwezi uliopita nilipata robo. Mwalimu kaandika "Endelea" kwa wino mwekundu. Nilimwonyesha Mama alipokuwa anavua viatu, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu," kisha akasinzia ameishika. Nikaichomoa polepole. Nilikuwa nataka anitazame kidogo zaidi. Hivi zamu inampeleka wapi mtu akarudi hana hata macho?

Jumatatu, 8 Juni

Chiriku amehama dawati. Amesema pale kwetu panavuja, na kweli panavuja, lakini panavuja tangu kidato cha kwanza na tulikuwa tunaweka kopo. Sasa kopo liko alipokuwa akikaa yeye. Linasema tii, tii, tii, siku nzima. Walau nalo linaongea.

Alhamisi, 11 Juni

Ratiba imefuatwa. Sikuzungumza na mtu leo isipokuwa muuza mafuta ya taa, naye aliniambia nisogee.

Jumamosi, 13 Juni

Nimekaa na Fizikia mezani saa zote za nyekundu. Nilipomaliza nilikuwa na muda uliobaki, mara ya kwanza muhula huu. Nikautazama kama chenji iliyozidi. Nikavaa viatu nimfuate Chiriku. Nikafikiri nitamkuta na Bi Harusi. Nikavua viatu.

Ijumaa, 19 Juni

Leo naandika mengi, ratiba ivumilie.

Asubuhi, wakati wa mahudhurio, mwalimu wa darasa alimwita Chiriku, akasema, "Huyu leo ndiyo siku yake ya mwisho nasi. Mwageni vizuri." Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga makofi. Mikono ilikuwa inapiga yenyewe, mimi nilikuwa bado narudia maneno kichwani: siku yake ya mwisho. Baba yake ni dereva wa greda, wa idara ya barabara. Barabara ya huku imekwisha, anahamishiwa nyingine, mbali, nao wanahama wote keshokutwa.

Mapumziko nilimkamata mkono nyuma ya vyoo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia nina neno."

"Hukusema ni neno gani!"

"Ningelisema lini? Wewe mtu akikutafuta sharti kwanza umtazamie kama ana rangi."

"Ungenilazimisha basi! Ungenishika ukaniambia!"

"Mimi?" akasema. "Mengineyo?"

Nilitaka kumpiga. Badala yake nililia, mbele ya watu wanaokwenda msalani. Naye akalia, halafu akaanza kucheka huku analia, maana pale harufu ilikuwa kali na yeye hawezi kuvumilia kitu bila kukisema. "Tumechagua mahali," akasema. Nikacheka. Kwa dakika ile tulikuwa sisi, kabisa.

Amesema lori lao linaondoka Jumapili saa moja kamili asubuhi. Dereva ni mkali, hangoji. "Njoo uniage. Wewe kwenu saa iko mbele, huna kisingizio."

Nimemwahidi. Kesho siwezi, Mwalimu wa Hesabu anamaliza sura ya mwisho na mtihani ni Jumatatu. Lakini Jumapili nitakwenda, iwe mvua iwe jua. Nimekwisha kuiandika kwenye ratiba, kwa zambarau. Nitasoma hadi saa kumi na mbili na nusu, niondoke, nifike kwao saa moja kasoro kumi. Dakika kumi zinatosha kumwambia yote.

Jumamosi, 20 Juni

Sura ya mwisho imekwisha. Nimetoka shule giza linaingia, nimelowa chapachapa. Mama alikuwa anajiandaa kwa zamu ya usiku. Alisimama mlangoni na mfuko wake, akasema, "Mwanangu, ile saa nime..."

"Mama, tafadhali. Nimalize swali hili tu."

"Ni neno dogo."

"Mama!"

"Haya, haya. Sikuudhi." Akafunga mlango taratibu, kama anavyofunga milango ya wodini.

Jumapili, 21 Juni

Sijui nianzie wapi. Naanza na saa.

Niliamka mvua ikiwa kubwa na mawingu meusi, haijulikani kama ni alfajiri au ni nini. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili. Nikatoa nusu yangu, nikajiambia ni saa kumi na moja na nusu, nina saa nzima. Nikawasha taa, nikasoma. Ilipofika saa moja ukutani nikatoa nusu tena: kumi na mbili na nusu, sawasawa na ratiba. Nikafunga kitabu, nikavaa koti la Mama la mvua, nikatoka. Nilitembea, sikukimbia. Nilikuwa na raha hata. Njiani nilipanga maneno: kwanza nitamwomba radhi kwa lile la nywele, kisha nitamwambia dawati halikaliki.

Kona ya kwao hapakuwa na lori. Nikajua limechelewa kuja. Uani palikuwa na alama za magurudumu, zimejaa maji. Mlango ulikuwa wazi. Ndani Bi Harusi alikuwa anafagia chumba kitupu, taratibu, kama afanyavyo yote.

"Wako wapi?" nikauliza.

Aliacha kufagia. "Wameondoka."

"Saa moja haijafika."

"Saa moja imepita zamani," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia saa yetu. Nikamwambia ilikuwa saa moja ukutani, ukitoa nusu. Nilikuwa naieleza kama hesabu ubaoni, hatua kwa hatua, na Bi Harusi ananitazama tu. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza:

"Alikungoja. Baba yake kapiga honi, yeye hapandi. Dereva kafoka, hapandi. Anawaambia, 'Mngojeeni, anakuja, kwao saa iko mbele, huyo hawezi kuchelewa.' Wakakungoja karibu robo saa. Halafu baba yake akambeba akampandisha, hivyo hivyo."

Alitoa kitana mfukoni. Ni kitana changu, nilikisahau ile Jumamosi ya nusu kichwa. "Kasema nikupe. Alikuwa ameufumua upande wangu jana," akasema Bi Harusi. "Alitaka umsuke wewe, kidogo tu, kabla hajapanda."

Mimi nilikuwa nimempa dakika kumi. Ningemsuka nini kwa dakika kumi?

Nilitaka kumchukia Bi Harusi, sikuweza. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Nilichukua kizoleo, tukazoa pamoja.

Nimerudi nyumbani nikakaa kitini, naitazama saa. Mama aliingia kutoka zamu, sare inachuruzika. Nikamuuliza, "Saa umeifanyaje?"

"Nimeirekebisha jana," akasema, amefurahi kwamba nimeuliza. "Nimetia betri mpya, nikaiweka sawa na ya hospitali. Kesho una mtihani. Nikasema asubuhi ya mtihani mtoto asianze kutoa na kujumlisha."

Nilimpigia kelele. Nani kakutuma, nilisema. Nani kakuambia uiguse. Ungeniambia! Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akanisikiliza hadi nikaishiwa. Ndipo akasema, si kwa hasira:

"Nilikuja kukuambia. Siku hizi kukuambia neno ni kupanga foleni, mwanangu. Mimi napanga foleni kazini, napanga dukani, nikifika kwangu miguu haina nguvu ya kupanga tena."

Nikakaa sakafuni. Hakunibembeleza na mimi sikumwomba radhi. Baada ya muda alikichukua kitana mkononi mwangu, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kunichana. Alikuwa anasinzia, mkono unasimama, kisha unaendelea. Kipindi cha nyekundu kilipita juu yetu, tukakiacha kipite.

Jumatatu, 22 Juni

Mtihani wa Hesabu. Nimefika mapema. Saa ya kwetu ni sahihi.

Jumatano, 24 Juni

Bi Harusi amenipa namba ya simu ya baba yake Chiriku. Jioni Mama aliniazima simu yake, akatoka uani kwa makusudi.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?" Kisha, "Ah. Ratiba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa sauti yake kuwa ile ile. Nikaanza kueleza saa. Akanikatiza, "Najua, Bi Harusi kaniambia. Haina neno."

"Ina neno. Nilitaka..."

Nyuma yake palikuwa na wasichana wanacheka, na mmoja akaita jina lake, lile la kweli, si Chiriku. Huko hawajamjua bado. "Sikiliza," akasema, "kuna wenzangu hapa wananingoja wanionyeshe shule. Nitakupigia Jumamosi, eh? Tutakuwa na nafasi."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningelala.

Jumamosi, 27 Juni

Hakupiga.

Alhamisi, 2 Julai

Matokeo. Hesabu nimepata sabini na moja. Mwalimu kanisimamisha mbele, kasema, "Mnaona? Huyu ameushika muda." Wakapiga makofi. Nimebaki sayansi. Niliporudi kukaa nikageuka kushoto kumwonyesha Chiriku karatasi, nikalionyesha kopo. Mvua imekatika wiki hii, kopo halina hata tone, lakini hakuna aliyeliondoa, nami sijaliondoa.

Jumamosi, 4 Julai

Mama yuko zamu ya mchana. Asubuhi aliiweka simu yake mezani, akaichomeka chaji.

"Utaiacha? Na wewe ukihitajika?"

"Wenzangu wana simu wodini. Kaa nayo, labda leo."

Nimeosha vyombo nayo iko dirishani. Nimeteka maji mbio mbio nikaacha mlango wazi niisikie. Ratiba bado iko kabatini, sikuitazama. Jua limetoka, watu wanaanika magodoro, na katika nyumba nzima kinachosikika ni saa ya ukutani, inayosema kweli.

Alasiri, kwenye kile kipande cha zambarau, simu ililia. Nilijigonga goti kwenye kigoda. Namba nisiyoijua. Nikapokea nikasema jina lake kabla ya haloo.

"Ni mimi," akasema Mama. "Nimeazima simu ya muuguzi. Amepiga?"

"Bado."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, mwanangu. Haya, nakata upesi, asije akapiga akakuta laini ina mtu."

Akakata kabla sijamwambia asikate.